Homa ya mgonjwa wa kemo isisubiri kesho: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: USALAMA WA DAWA BAADA YA UPASUAJI WA SARATANI YA TITI

Mama aliyefanyiwa upasuaji uvimbe ukiwa bado mdogo huongezewa dawa za kuua saratani (kemo) ili kumaliza chembe za saratani zilizobaki mwilini. Dawa hizo zinaokoa maisha, na hatuandiki kumtisha mtu azikimbie. Ila hatari yake kubwa mara nyingi hujitokeza akiwa ameshapanda basi kurudi kwao Kyela au Chunya.

Mchanganyiko unaotumika sana ni doksorubisini, ile dawa nyekundu, pamoja na saiklofosfamaidi: mizunguko 4, kila baada ya siku 21. Kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya vijidudu, hushuka kuliko wakati wowote. Zikipungua hivyo, hata usaha hautengenezwi. Kidonda hakivimbi, kifua kinasikika safi, homa inabaki kuwa dalili pekee. Mgonjwa anaonekana ana nguvu asubuhi, jioni presha imeanguka.

Zahanati anapimwa malaria, anapewa panadol, anaambiwa arudi kesho. Malaria ikionekana ndiyo mbaya zaidi: anapewa mseto, na bakteria hawafikiriwi tena. Malaria itibiwe, lakini kuwapo kwake hakuondoi maambukizi mengine.

Tunaomba utoe agizo. Mgonjwa aliyepata kemo ndani ya wiki 6 zilizopita, joto likifika nyuzi 38, ahesabiwe wa dharura. Apimwe kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipa aipate ndani ya saa 1, kabla ya gari la wagonjwa kufika na bila kungoja majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu. Damu ya kuotesha maabara ili kutafuta bakteria ichukuliwe kwanza ikiwezekana. Isipowezekana, dawa isicheleweshwe. Asiwekewe dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa. Ni antibayotiki ipi, madaktari wa saratani na wafamasia wa mkoa waamue mapema, na iwepo kabatini.

Kwenye daftari la mgonjwa ibandikwe kadi yenye majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Kadi hiyo itasaidia pia wanaotumia tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni isichochee saratani ya titi, mg 20 kwa siku kwa miaka 5 au zaidi. Rifampisini ya TB huishusha sana mwilini. Nako kwenye uzazi wa mpango, mama huyu hafai sindano wala vijiti vya homoni. Apewe kitanzi cha shaba au kondomu, kwani tamoksifeni inaweza kudhuru mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au akitokwa na damu baada ya kukoma hedhi, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Agizo lianze na zahanati za mbali, maana huko ndiko saa nyingi zinapotelea njiani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahudumu wa dawa za saratani, Mbeya