Barua kwa mwanangu: hilo shamba saa hizi linafanya nini?

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako ndefu nimeisoma yote, nimefurahi kweli kuona mambo ya ardhi yanakugusa kiasi hicho. Umesema kufunika shamba kwa paneli za sola ni kuwanyang'anya watu chakula na kwamba serikali inayotoa vibali vya namna hiyo haijali wananchi wake. Kwenye chakula tuko pamoja kabisa, mi mwenyewe udongo mzuri ukiharibiwa roho inaniuma. Ila naomba kabla hujachagua upande ujiulize swali moja tu, hilo shamba wanalotaka kuweka sola, saa hizi linafanya nini? Watu wengi hawaulizi hilo, wanaona picha ya vioo vyeusi vimetandazwa juu ya ardhi nzuri wanapandwa na hasira, wanadhani kila palipo kijani panalisha binadamu, na sio kweli.

Angalia Marekani. Kuna sheria ya mwaka 2005, ikaja ikaongezewa makali 2007, inalazimisha mafuta ya magari yachanganywe na mafuta yanayotokana na mimea, na matokeo yake zaidi ya theluthi moja ya mahindi yanayovunwa kule yanaenda kiwandani kutengenezwa ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli. Najua utanijibu kwamba makapi yanayobaki wanalishwa mifugo, ni kweli, lakini wanga wenyewe umeshachomwa kwenye injini. Sasa we umewahi kuona watu wanaandamana kwamba huo ni wizi wa chakula? Mara chache sana, kwa sababu kwa macho unaona shamba, unaona trekta, unaona kilimo.

Piga hesabu na mimi, chukua kalamu kabisa. Hekta moja ya mahindi iliyotunzwa vizuri na mbolea na mashine inatoa kama tani 10, tani moja ya mahindi inatoa kama lita 400 za ethanoli, kwa hiyo hekta nzima mwaka mzima ni lita 4,000 hivi, na gari ikitembea kilomita 10 kwa lita basi hiyo hekta imekufikisha kilomita 40,000. Haya, hekta hiyohiyo weka paneli, ukiacha nafasi za kupita zinaingia paneli za karibu nusu megawati, yaani kilowati 500, na mahali penye jua la kawaida utavuna kama kilowati-saa 600,000, yaani uniti za umeme, kwa mwaka, gari la umeme linaenda kama kilomita 5 kwa kilowati-saa moja, zidisha mwenyewe, ni kilomita milioni 3. Yaani mara 75. Nipunguzie hata nusu kwa ajili ya vumbi na umeme unaopotea kwenye nyaya na betri, bado tofauti ni kubwa mno, na hapo sijagusa dizeli ya trekta wala mbolea. Sababu yake sio uchawi, mahindi yanahifadhi kama asilimia 1 tu ya nguvu ya jua linaloyapiga, wakati paneli za sasa zinapita asilimia 20, na seli ya sola ya kwanza ya maana ya silikoni, iliyotoka maabara za Bell kule Marekani mwaka 1954, ilikuwa asilimia 6.

Ndo maana nasema anayetetea chakula kwa moyo wake wote, kama we mwanangu, aanze na mashamba yanayolima mafuta ya gari. Kipande kidogo cha hayo kikigeuzwa sola kinatoa usafiri uleule na ardhi inayobaki inarudi kulima chakula.

Usinielewe vibaya lakini, sisemi paneli zijazwe kila mahali. Mi ningependa mapaa yaanze, maghala, shule, viwanda, maegesho ya magari. Ufaransa mwaka 2023 walipitisha sheria kwamba maegesho ya wazi yanayozidi mita za mraba 1,500 lazima angalau nusu yake iwekewe kivuli cha sola, na hiyo kwangu ni sera ya watu waliokaa wakafikiri. Unajua kwa nini kampuni hazikimbilii mapaa zenyewe? Kwa sababu paa moja ni kazi ndogo na mwenye paa ni mmoja mmoja, maongezi mia, vibali mia, alafu mengine hayabebi uzito, wakati shamba ni tambarare, mwenye shamba ni mmoja, laini kubwa ya umeme inapita pembeni. Gharama inawavuta shambani. Ukitaka waende kwingine lazima sera ndo iwavute, hasira zetu peke yake hazitoshi.

Na kuna njia ya katikati ambayo naona hujaitaja. Mwaka 1981 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Adolf Goetzberger na Armin Zastrow, waliandika kwamba paneli ukizinyanyua juu na kuziachanisha unaweza kuendelea kulima chini yake. Wajapani wakaja kuiwekea kanuni mwaka 2013, unaruhusiwa kuweka sola juu ya shamba la kilimo ila mavuno yasishuke zaidi ya asilimia 20 ukilinganisha na mashamba ya eneo hilo, na kila mwaka unatoa ripoti. Naipenda sana hiyo kanuni kwa sababu inapima kitu chenyewe, mavuno, sio ahadi. Sio kila zao litakubali, mahindi yanataka jua kali kwa hiyo kivuli yanakichukia, lakini mboga nyingi za majani zinavumilia na penye joto kali zinanufaika kabisa manake udongo haukauki haraka, kondoo nao wanakula majani vizuri tu chini ya paneli.

Kuhusu data senta ulizozilalamikia, yale majengo ya kompyuta zinazoendesha intaneti na akili mnemba, sitakuchosha. Zilikula kama asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, sio nyingi kama watu wanavyodhani ila zinajazana sehemu moja, na hao majirani zake ndo wanaobeba mzigo wa gridi, yaani mtandao wa umeme, na wa maji. Hapo uko sahihi kudai zilipie laini zao wenyewe.

Sasa hili la mjomba wako ndo limenifanya niandike leo. Kampuni moja imemletea mkataba wa kukodisha lile shamba kwa sola, miaka 30, na kodi yake inazidi mbali anachopata sasa kwa kulikodishia wakulima. Nimeusoma kurasa zote. Wanaomba kwanza miaka 5 ya kushikilia ardhi kabla hawajajenga chochote, kwa malipo madogo sana, maana yake miaka 5 hawezi kumpa mtu mwingine na wao wanaweza kuondoka siku yoyote. Kodi haipandi, imeandikwa kiasi kilekile mpaka mwisho, fikiria hela hiyo itakuwa na thamani gani miaka 30 mbele. Na kuhusu kung'oa paneli zikichoka wameandika kampuni "itafanya jitihada zinazofaa", basi, hakuna pesa iliyotengwa benki, hakuna kina cha kuchimbua nguzo na nyaya, na hiyo kampuni ikifilisika au ikiuzwa, vyuma vyote vinabaki ni mzigo wa mjomba wako. Sheria za ardhi zingelazimisha pesa ya kung'olea iwekwe kando tangu siku ya kwanza, wakulima wengi wangelala usingizi.

Na kinachoniumiza kuliko vyote ni ile familia inayolikodi shamba hilo kwa mjomba wako sasa hivi, wamelima hapo miaka yote, kwenye mkataba hawatajwi hata mstari mmoja. Mwenye ardhi anapata kodi nono, kampuni inapata umeme, wao wanaambiwa wahame msimu ukiisha. Kila mdahalo wa sola na kilimo ninaousikia unawasahau wakulima wasio na hati, na we unayependa haki nataka uwasemee hao zaidi kuliko unavyosemea mandhari. Nimemwambia mjomba wako kama anasaini basi adai paneli za kunyanyuliwa juu angalau upande wa karibu na maji ili wale wabaki kulima, hajakubali bado, anasema kampuni itakimbia.

Nakutumia picha za kurasa zote baada ya barua hii. Soma hasa kifungu cha kushikilia ardhi na kile cha kuhamisha mkataba kwa kampuni nyingine, kuna maneno sijayaelewa, alafu umpigie mjomba wako mwenyewe kabla ya Jumamosi manake anakusikiliza kuliko mimi. Asisaini kabla wakili hajaupitia.

Mama yako