Riwaya yangu imetoka

Mpendwa rafiki yangu,

Salaam nyingi. Najua umeingoja barua hii, nami nimechelewa kwa kuwa tangu uzinduzi sijapata siku ya kukaa kitako.

Nianze na boksi. Nakala za kwanza zilipofika nilikata utepe wa gundi, nikachomoa moja, nikainusa kabla ya kuifungua. Miaka minne ya kuandika na kufuta, leo inaenea kwenye kiganja! Nikageuza jalada la nyuma, nikaona ISBN yake, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, tarakimu 13 juu ya vile vistari vyeusi, machozi yakanitoka. Muuza vitabu au mkutubi yeyote sasa anaweza kuitafuta kwa namba hiyo.

Ulinishauri kwamba siku ya uzinduzi nisiwasomee watu mwanzo eti kwa sababu tu ni mwanzo. Nikakusikiliza. Nilichagua sura ya tatu, pale mama anapokunja nguo za mwanawe aliyeondoka. Nilijipima nyumbani kwa saa: dakika saba. Siku yenyewe, nilipofika anapolikunjua shati moja na kulikunja upya, ukumbi ukacheka. Rafiki yangu, ukurasa ule niliuandika nikilia. Nilipigwa na butwaa, sauti ikanikauka. Kuinua macho, namwona mzee mmoja wa safu ya mbele anacheka huku anajifuta machozi kwa kiganja. Ndipo nikaelewa: wanamjua mama huyo, kila mmoja ana wake. Nikaendelea, polepole zaidi kuliko nilivyojizoeza.

Kwenye kusaini nimejifunza kuweka karatasi pembeni, kila mtu aandike jina kwanza. Binti mmoja alitaka nakala ya dada yake, nami nikakosea herufi moja. Nilimpa nyingine, lakini uso wake ulivyobadilika bado nauona.

Kuitangaza ndiko kunakochosha. Nimewaandikia wahakiki na vikundi vya wasomaji, wengi kimya. Redioni niliulizwa kitabu kinahusu nini, nikajibu, "Mambo mengi." Jibu bovu kabisa, maana msikilizaji hana la kushika. Siku hizi nasema, "Ni habari ya mama anayengoja," basi, na watu huuliza wenyewe: anamngoja nani? Ila wanunuzi wengi ninaokutana nao husema wameambiwa na mtu aliyekwisha kuisoma. Kwa hiyo naenda hata penye wasomaji sita, na hao sita nakaa nao mpaka maswali yaishe.

Halafu, ukurasa wa 112 kuna neno limerudiwa. Tulisahihisha mara tatu, mimi na mhariri, likatupita wote. Limeniuma sana, litarekebishwa toleo likichapwa tena.

Nakala yako naituma kesho. Sijaisaini. Isome, pigia mistari popote panapokugusa au kukuudhi, kisha uje nayo tutakapoonana. Nitaisaini mbele yako, nikishaiona mistari hiyo.

Wako akupendaye daima.