Mbona mimi naambiwa "si utaoa tu"?

Shangazi, naandika usiku huu huu maana usingizi umegoma tena, na nikingoja kukuche sitaandika.

Tulikuwa bado makaburini, tumetoka kumzika mke wangu, kaka yangu aliponishika bega: "Jikaze, wewe mwanaume. Si utaoa tu." Najua alitaka kunifariji. Lakini dada yetu alipofiwa na mumewe, kaka huyu huyu ndiye aliyeagiza asiachwe peke yake. Wanawake walilala naye chumba kimoja, wakalia naye, na mpaka leo wanampigia simu. Mimi nikaambiwa nitaoa.

Simwonei dada wivu. Yeye alibaki na madeni na watoto, na wakwe wanaogombea kila kitu, mpaka daktari akasema ana sonona. Ila akilia anaeleweka. Mimi nikinyamaza wanasema naendelea vizuri.

Watu siwataki. Wakija najifungia chumbani. Wasipokuja naumia, sasa sijui.

Vidonge vyangu vya presha alikuwa ananipa marehemu, mkono mmoja kidonge, mkono wa pili glasi ya maji. Hata jina la dawa sikulijua. Sasa siku nyingine nameza, siku nyingine nakumbuka jioni, na jioni huwa nimeshakunywa kidogo. Siyo ulevi, ni kutafuta usingizi tu. Binti yangu kaniletea utafiti wa Uingereza wa mwaka 1969: wanaume zaidi ya 4,000 waliofiwa na wake zao, na katika miezi 6 ya kwanza vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 hivi kuliko vya wenzao wa umri huo wenye wake. Wengi ni moyo. Ndiyo kunisaidia huko, kunitisha? Anasema pia Shirika la Afya Duniani linahesabu majonzi kuwa ugonjwa yakipita miezi 6 na mtu hawezi kuendelea na maisha yake. Nani alikaa na kalenda kupima uchungu wa mtu? Basi kanishikia nafasi kwa mshauri nasaha. Nimemwambia mimi si kichaa. Lakini huyo mshauri, Shangazi, mtu huwa anamwambia nini? Ni lazima ulie mbele yake?

Na kuoa sitaki, kaka asikie. Kuna mama mmoja, naye mjane, tunaongea kwa simu usiku, mambo ya kawaida tu, na siku hizo nalala. Nimemkosea marehemu? Kaka akijua atasema "nilikwambia", na hapo ndipo damu inapochemka. "Si utaoa tu", kama vile nimepoteza mwavuli!

Jina langu usiliweke, kaka husoma barua zako. Ukijibu anza na hilo la mshauri, miadi ni wiki ijayo na binti anasema atanipeleka mwenyewe.

Mgane asiyelala