Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza: mwanangu alipofikisha miezi mitatu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza nimeitia posta kuja ofisini kwako, lakini hii nimeiweka hadharani ili wenzangu waisome kwanza, kwa sababu wengine wao ni wajawazito sasa hivi na hakuna aliyewaambia haya nitakayoyasema.

Mimi ni Mtanzania. Nafanya kazi ya kutunza wazee, ile ambayo sisi wenyewe huku tunaiita kea. Naosha, nalisha, nawageuza wagonjwa usiku wasipate vidonda vya kulala, na mtu anapokata roho nakaa naye nikimshika mkono ikiwa ndugu zake wamechelewa njiani. Niko hapa kwa visa ya wahudumu wa afya na matunzo, niliyoipata katikati ya mwaka 2024. Mume wangu yuko Tanzania. Hakubaki kwa kupenda. Aliyepata visa kwa kazi kama yangu tangu tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mwenzi wake wala watoto. Nilikwenda nyumbani likizo, nikarudi na ujauzito, na mwanangu akazaliwa hapa mwaka 2025.

Niseme haki kwanza. Wakunga walionizalisha walinitunza kama dada yao. Nilikuwa peke yangu, na mmoja wao alikaa nami hata zamu yake ilipokwisha. Sikudaiwa chochote, kwa kuwa mwezi Mei 2020, corona ikiwa imepamba moto, serikali yenu ilitangaza kwamba watu wa kazi zetu wasitozwe ile ada ya afya wanayolipa wahamiaji wengine. Ada hiyo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto. Sisi tumesamehewa, na watoto wetu wenye visa wamesamehewa vilevile. Nashukuru, na sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta.

Shida iko kwa mtoto asiye na visa. Na watoto wetu wote, Mheshimiwa, huzaliwa hawana visa.

Nchi yenu haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa katika ardhi yake. Imekuwa hivyo tangu tarehe 1 Januari 1983; lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu. Hilo silipingi. Mwanangu ni Mtanzania na naona fahari. Nilichokuwa nakijua mimi, na wenzangu wengi wanajua hicho hicho, ni kwamba mtoto aliyezaliwa hapa halazimiki kuombewa visa maadamu hajatoka nje ya nchi. Haadhibiwi kwa kukaa bila visa. Ila akitoka, hawezi kurudi bila kuwa nayo. Mwenzangu mmoja wa kazini aliponiuliza, nikamjibu kwa kujiamini kabisa: tulia, huna haraka. Nilimpotosha. Nilikuwa sijui kwamba kanuni za wizara yako za mwaka 2015 zina saa yake nyingine inayohesabu kimyakimya.

Kwa kanuni hizo, mtoto wa mtu kama mimi hutibiwa bure mpaka atimize miezi mitatu, kwa sharti kwamba hajatoka nchini tangu azaliwe. Akishapita miezi mitatu bila visa anahesabiwa kama mgeni aliyekuja kutembea. Daktari wa mtaa bado atamwona bure. Dharura watampokea bure. Lakini akipewa rufaa kwenda kwa bingwa, au akitolewa dharura na kulazwa wodini, mita inaanza kusoma, tena kwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida.

Wangu alikuwa na miezi minne na nusu. Nilikuwa namwogesha jioni nikaona uvimbe kinenani, upande wa kulia, na kila akilia unajaa. Asubuhi daktari wa mtaa akausoma kwa vidole viwili tu: ngiri. Akanieleza kwamba kwa mtoto mdogo kama yule utumbo unaweza kunasa pale na kukosa damu, hivyo hawangoji. Tulipelekwa hospitali, na madaktari wakaona ni jambo la haraka, wakampasua. Hakuna aliyeniuliza karatasi mlangoni, na kwa hilo nitawaombea mpaka mwisho wa maisha yangu. Karatasi zilikuja baadaye kwa posta. Kwanza barua ya kuuliza hadhi ya mtoto ya uhamiaji. Halafu bili. Ilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima.

Nilipoipata nilidhani kosa ni langu, kwamba nilizembea. Basi siku moja baada ya zamu ya usiku nikachukua kalenda nikahesabu, na nakuomba uhesabu pamoja nami.

Sheria inanipa siku 42 kuandikisha kizazi. Nilijifungua kwa upasuaji, na kwetu mama mzazi hatolewi nje kuhangaikia ofisi kabla ya arobaini yake, kwa hiyo siku hizo nilizitumia karibu zote, kihalali. Hizo ni wiki sita. Nikishapata cheti ndipo naweza kumwombea mtoto pasipoti, kwa sababu ombi la visa linataka pasipoti. Tuseme pasipoti imetoka siku hiyohiyo, jambo ambalo halitokei popote duniani. Napeleka ombi la visa, nalipa ada, na muda wa kawaida ambao serikali yenu yenyewe inautangaza kwa maombi ya ndani ya nchi ni wiki nane. Sita na nane ni kumi na nne. Miezi mitatu ni wiki kumi na tatu.

Yaani mama aliyefuata kila tarehe, asiyechelewa hata siku moja, aliyepata pasipoti kwa muujiza, bado mtoto wake atakaa wiki nzima bila kinga, yaani bila haki ya kutibiwa bure. Na kupeleka ombi peke yake hakumsaidii, kwa kuwa mtoto huyu hakuwa na kibali cha awali cha kumshikilia wakati anasubiri. Kinga inarudi siku visa inapotolewa. Kanuni moja imetungwa na wizara yako, muda mwingine umewekwa na wenzako wa Mambo ya Ndani, na inaonekana hakuna aliyewahi kuziweka kalenda mbili hizi juu ya meza moja.

Kwangu mimi wiki zilizidi kumi na nne kwa mbali, na sababu yake nataka uijue. Ili mtoto apewe visa, wazazi wote wawili wanatakiwa wawe na kibali cha kukaa hapa, au mzazi mmoja athibitishe kwamba malezi yote ni yake peke yake, au kuwe na sababu nzito ya kipekee. Mume wangu hawezi kuwa na kibali cha kuwa hapa kama mwenzi wangu, kwa kuwa sheria ya Machi 2024 imemkataza. Sheria hiyohiyo imewaachia nafasi watoto wanaozaliwa hapa, naam, lakini nafasi yenyewe inapita kwenye mlango unaouliza: baba yuko wapi?

Mtu mmoja alinishauri niandike kwamba baba amemtelekeza. Nilikaa na fomu ile mbele yangu muda mrefu. Baba huyo hupiga simu ya video kila siku saa moja jioni kwa saa za kwao, anamwimbia mwanawe, anamhesabia meno yaliyoota. Ningemfuta kwa kalamu ili mtoto apate karatasi? Sikuandika hivyo. Nilieleza ukweli wote, nikaambatanisha barua yake, picha, ratiba yangu ya zamu, barua ya mkunga kwamba mtoto ananyonya. Wakachukua muda kupima. Mwishowe walikubali. Visa ilitoka mwanangu akiwa na miezi saba.

Siku moja kabla ya visa ile, upasuaji wa ngiri ulikuwa wa kulipiwa kwa asilimia 150. Siku moja baada yake, upasuaji huohuo ni bure, bila hata ile ada ya pauni 776. Mtoto ni yuleyule, mama ni yuleyule anayekatwa kodi kila mwezi, na kitanda cha hospitali ni kilekile. Kwa hiyo sielewi bili hii inafidia nini. Haikusudiwi kumzuia mgeni aliyeruka na ndege kuja kutibiwa bure. Huyu hajawahi kupanda ndege. Inalipisha wiki za kungoja, na wiki hizo si mtoto aliyezipanga.

Kuna jambo lingine wenzangu wengi hawalijui, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Deni la hospitali likifika pauni 500 na kukaa bila kulipwa, taarifa zake zinaweza kupelekwa Mambo ya Ndani, na ombi la visa linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Deni la mtoto linadaiwa kwa mzazi wake. Basi mtoto anaugua kwa kuwa hajapata visa, matibabu yanazaa deni, na deni linatishia visa aliyokuwa anaingoja.

Ndiyo maana wapo akina mama wanaokaa na watoto nyumbani. Nimekaa usiku mmoja na mwenzangu, mtoto wake wa miezi mitano ana homa, anamkanda kwa kitambaa na kuangalia saa. Nilimwambia dharura ni bure. Akaniuliza: na wakimlaza? Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia tu, twende. Tukaenda, na Mungu alisaidia hakulazwa. Mama huyo si mjinga wala hana roho ngumu. Ni mtu anayewabeba wazazi wenu kutoka kitandani hadi kwenye kiti kila asubuhi, na alikuwa anapiga hesabu ambayo hakuna mama anayepaswa kuipiga.

Ninachokuomba ni kimoja. Badilisha ile miezi mitatu. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa mzazi mwenye visa halali na kinga ya matibabu afuate kinga ya mzazi wake mpaka ombi lake la visa litolewe uamuzi, ilimradi limepelekwa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na bili za watoto waliokwisha kupewa visa, kwa matibabu ya zile wiki za kungoja, zifutwe. Hilo halihitaji kumpa mtu yeyote uraia wala kufungua mpaka.

Mwaka 2008 Uingereza iliondoa lile sharti ililokuwa imejiwekea kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto, lililoyaacha mambo ya uhamiaji nje ya ahadi yake. Tangu hapo mtoto mhamiaji ni mtoto kamili mbele ya mkataba ule, pamoja na kifungu chake cha 24 kinachohusu afya. Mwanangu amezaliwa miaka mingi baada ya ahadi hiyo.

Na wakati kanuni inapitiwa, kuna dogo linaloweza kufanyika hata kesho. Kila mama hapa England hupewa kitabu chekundu cha mtoto, kile cha kuandika uzito na chanjo. Tunakibeba kila mahali, tunakisoma mpaka kurasa zinalegea. Wekeni humo ukurasa mmoja wa kuwaambia akina mama wenye visa za kazi kwamba kinga ya mtoto inaisha miezi mitatu, na nini cha kufanya kuanzia wiki ya kwanza. Ningelijua siku ya kutoka wodini ningeandikisha kizazi na mshono ukiwa mbichi.

Bili yangu bado ipo. Nimekubaliana nao nilipe kidogokidogo kila mwezi, na risiti za malipo hayo nimezihifadhi ndani ya kile kitabu chekundu, ukurasa unaofuata chanjo zake. Kovu la mwanangu limefifia, ni mstari mwembamba tu sasa. Bibi yake hajamwona bado ila kwenye simu. Hatukuthubutu kusafiri kabla ya visa, na sasa nauli imekwenda kwenye deni.

Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa.

Mimi,
Mama mmoja, mtunza wazee

Nakala: Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza