Jumamosi: Matembezi ya Sanamu Bustanini

Habari zenu wanakikundi. Tukutane lango kuu saa 1 kamili asubuhi, tafadhali msichelewe: jua likiwa chini, mwanga hupiga ubavuni na alama za patasi zinajitokeza. Ikifika saa 6 mchana sanamu huonekana bapa.

Kila sanamu itazameni kwanza kwa mbali, kisha izungukeni yote ndipo mpige picha. Kagueni ukingo wa chini. Mara nyingi sahihi ya msanii iko hapo.

Za shaba msizishike. Rangi ya kijani iliyoshikamana vizuri ni utando unaoikinga. Ikiwa ya ungaunga, ni kutu inayoila. Pua inayong'aa imesuguliwa na mikono, na jasho lina chumvi.

Nyasi zina umande, vaeni viatu visivyoteleza.