Barua kwa mwanangu: usimtoe mtoto kwenye mkondo wa Kifaransa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, presha yangu imetulia na mvua zimeanza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, nikaona heri nikuandikie, maana kwenye simu unanikatiza.

Unasema mjukuu wangu, huyo mume wangu, yuko darasa la pili na hajui kusoma Kiingereza, wakati watoto wa jirani wanamaliza vitabu. Unataka kumhamishia darasa la Kiingereza baada ya likizo. Mwanangu, usimtoe.

Ulipomwandikisha chekechea ulinieleza mwenyewe kwamba hapo Toronto watoto wa mkondo huo wanasoma kila kitu kwa Kifaransa mpaka darasa la tatu, Kiingereza kinaingia la nne. Sasa unamdai kitu ambacho hajafundishwa. Na hofu hiyo si yako peke yako. Mpango huu ulianza mwaka 1965 Saint-Lambert, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, mji wa Kanada unaosema Kifaransa, na waliouhangaikia ni wazazi wenye Kiingereza chao nyumbani. Nao waliogopa mtoto atapungukiwa. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na mwenzake Tucker waliwafuatilia watoto wale, wakatoa kitabu mwaka 1972: mwanzoni walikuwa nyuma katika kusoma Kiingereza, na kilipoanza kufundishwa wakawafikia wenzao. Utaniambia wale walikuwa na Kiingereza nyumbani na wako ana Kiswahili. Kweli. Lakini Kiingereza anacho kwenye basi, uwanjani, dukani, kwenye katuni. Hakuna siku atakikosa huko.

Wewe unaangalia asichokijua. Jumamosi aliniwekea daftari mbele ya kamera. Kila penye *eau* amepaka rangi ya buluu: *bateau*, *chapeau*, *gâteau*. Herufi tatu, anatoa sauti moja ya "o". Akanisomea *le petit chat*; mimi naona "t" mbili mwishoni mwa maneno, yeye hakuitamka hata moja, na akaniambia kwa uzito wake ule kwamba hizo zipo lakini hazisemi. Huyo mtoto ameshajua kwamba herufi zina kanuni. Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu; hapo ndipo pagumu kuliko pote, na yeye amepavuka. Halafu akaiona kanga niliyojitanda, akaanza kuisoma: "Mungu ni mwema". Ile "u" ya kwanza aliitoa Kifaransa, midomo imechongoka, akasita, akajirekebisha mwenyewe. Nani alimfundisha kusoma Kiswahili? Ndivyo kitakavyomjia na Kiingereza.

Na hili la kwamba ni mzito wa hesabu, naomba ulifute kinywani. Kwa Kifaransa anachofundishwa, sabini ni sitini na kumi, themanini ni ishirini nne. Ukimuuliza tisini na mbili, kwanza anapanga ishirini nne na kumi na mbili, ndipo akujibu. Mpe muda. Usimjibie, na usimgunie mbele ya baba yake.

Najua kinachokusumbua ni Kidato chako cha Kwanza, sina haja ya kukukumbusha. Lakini yale hayafanani na haya. Kule mwalimu aliingia na biolojia kwa Kiingereza kana kwamba mmekuja nacho, asiyeelewa akanakili ubaoni. Mwalimu wa mwanao anajua fika kwamba watoto hawana Kifaransa. Anaonyesha picha, anaigiza, kila asubuhi tarehe na hali ya hewa kwa maneno yale yale, na tangu chekechea mtoto aliachwa ajibu kwa lugha aliyonayo mpaka ulimi ukafunguka. Wewe ulipita pabaya ukafika, nami najivunia kila ninapotaja jina lako. Ila usimpimie mtoto kwa njia uliyopita wewe.

Sitakuficha, mkondo huo una upungufu wake. Wengi wao wanaelewa vizuri sana, lakini wakisema wanachanganya *le* ya maneno ya kiume na *la* ya maneno ya kike mpaka wakubwa, kwa sababu wakitoka darasani wanacheza kwa Kiingereza. Hatasema kama mtoto aliyezaliwa Montreal. Atasoma, ataelewa, na akitaka kazi ya serikali ya shirikisho huko atakuwa na lugha zote mbili rasmi. Inatosha.

Lililoniudhi ni jingine. Siku hizi nikipiga simu nawasikia mnasemezana naye Kiingereza mezani, eti awafikie wenzake. Acheni. Akirudi shule muulize kwa Kiswahili mwalimu kasema nini, akueleze kwa Kiswahili. Usiku msomee hadithi, kwa Kiswahili au hata kwa hicho Kiingereza, maktaba ya mji huko ni bure. Kifaransa si lazima mkijue nyinyi.

Na kabla ya kuandika barua yoyote ya uhamisho, nenda ukaonane na mwalimu wake. Muulize: akisomewa hadithi anaifuata? Anatofautisha sauti? Anasogeza kitabu karibu na macho? Kama ana shida ya kusoma, itaonekana kwenye Kifaransa hicho hicho, na ataondoka nayo kwenda darasa la Kiingereza. Shida ya macho haiponi kwa kubadilisha lugha. Kama hana, basi usimtoe, mwanangu. Aliingia kwa mlango wa chekechea. Ukimtoa leo, kumrudisha kati ya wenzake waliotangulia ni kazi.

Pesa uliyotuma imefika. Fundi ameshaangalia paa la jikoni, anasema mabati manne yameoza na mbao moja, nimemwambia asubiri mvua ikatike. Nazi tumeangua, bei imeshuka, nimegawia majirani. Dada yako anakusalimu. Amepata kitambaa cha kanzu ya Iddi ya mume wangu na hataki kukata kwa kukisia. Mpime kutoka begani mpaka kifundo cha mguu, uongeze kidogo kwa sababu anarefuka, na urefu wa mkono pia. Nitumie wiki hii, fundi cherehani ana foleni.

Wasalaam,
Mama yako