Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuunganisheni kwa simu na kikundi cha kuacha pombe kabla hatujatoka wodini

Mheshimiwa Waziri,

Nina miezi 19 sijagusa pombe. Kabla ya hapo nililazwa mara mbili, natetemeka hadi muuguzi ananishikia kikombe cha maji ninywe. Jina langu silitaji, kwa desturi ya kikundi changu cha kusaidiana kuacha pombe.

Wauguzi wale waliniokoa. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatiza ghafla, jasho na mtetemeko huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumkamata katika siku 2 za mwanzo, na wengine hufuatiwa na kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Ndiyo maana naomba mtu wa namna hiyo asiambiwe aache peke yake nyumbani. Mimi nilipewa dawa na vitamini B1, nikaangaliwa usiku kucha. Kwa hilo sina neno ila shukrani.

Lalamiko langu linaanzia mlangoni. Siku ya 6 niliruhusiwa, na nikiwa nafunga kamba za viatu nikakabidhiwa karatasi: tafuta kikundi cha kusaidiana karibu nawe. Chini yake namba 3 za simu na anwani moja. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mama aliyeniambia kwa upole kwamba namba ni yake, na kwamba watu kama mimi humpigia mara kwa mara. Ya tatu iliita mpaka ikakatika. Nikaifuata anwani jioni ile ile, nikakuta mlango una kufuli lililoshika kutu.

Mheshimiwa, mtu wa siku ya 6 akisimama mbele ya mlango kama ule hawazi kwamba orodha imepitwa na wakati. Anawaza kwamba amejaribu, imeshindikana. Usiku ule nilikunywa, na sikuacha hadi nilipolazwa tena miezi 4 baadaye.

Mara hiyo ya pili aliyenisaidia alikuwa mhudumu wa usafi wa wodi. Haikuwa kazi yake. Alitoa simu yake mfukoni, akampigia shemeji yake anayehudhuria vikao vya Alcoholics Anonymous (AA), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, akanipa niongee naye palepale kitandani. Yule bwana hakunihubiria. Alisema, "Ukitoka kesho, saa 12 jioni nitakuwa getini, nimevaa shati jeupe." Nikamkuta getini.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1981, nchini Marekani, watafiti Sisson na Mallams waliwagawa watu 20 waliokuwa wakitibiwa uraibu wa pombe. Kumi walielezwa tu vikao viko wapi na lini. Kumi wengine, mshauri wao alimpigia simu mwanakikundi wa AA mbele yao, wakaongea naye, naye akajitolea kwenda nao. Wa kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. Wa kundi la pili walikwenda wote. Watu 20 ni wachache, najua. Lakini mimi nimekuwa katika makundi yote mawili, na naamini.

Tena AA yenyewe ilizaliwa kwa simu. Mwaka 1935, Bill Wilson alikuwa hotelini Akron, Ohio, mbali na kwake, baa ikimwita. Akaanza kupiga simu makanisani akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, na ndivyo alivyofikishwa kwa Dk. Bob Smith, ambaye alianzisha naye AA. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti 27, ulionyesha kwamba tiba zinazomshika mtu mkono hadi AA huwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Si kila mtu ataipenda njia hiyo. Wasiotaka lugha ya imani inayotumika AA wana vikundi vya SMART Recovery, na familia zina Al-Anon tangu 1951. Mke wangu alihitaji kikao chake kabla yangu, na hakuna aliyemwambia kwamba kipo.

Ninachokuomba ni kidogo. Kila hospitali inayolaza watu wa pombe iwe na mtumishi mmoja mwenye dhamana ya orodha ya vikundi, naye azipige zile namba kila mwezi, aulize siku, saa na mlango gani. Aandike pia kama kikao ni cha waraibu tu au mke na ndugu wanaweza kuingia, na kama kuna kikao cha wanawake, maana wapo wasioweza kusema yao mbele ya wanaume. Kisha mgonjwa asiruhusiwe kuondoka kabla simu haijapigwa mbele yake, kwa ridhaa yake.

Fedha hatuombi. Vikundi vya AA havipokei msaada kutoka nje. Pango tunalipa kwa michango yetu wenyewe. Kinachotusumbua ni chumba. Hospitali nyingi zina ukumbi unaolala mtupu kuanzia jioni, na tungefurahi kuukodi saa moja na nusu kwa wiki, tukaufagia na kurudisha ufunguo.

Katika kikundi chetu watu 3 wamekubali kupigiwa simu saa yoyote, usiku pia. Namba zao nimeziacha ofisini kwako, kwenye bahasha iliyoambatana na nakala ya barua hii. Nimezijaribu leo asubuhi, zote zinapatikana.

Wako mtiifu,
Mwanakikundi